Usiseme Mtandao Unasumbua

Jeneroza mwanangu,

Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi kutoka kwa bibi. Isome kabla hatujapanda basi la Biharamulo, kwa sababu ina jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza mbele ya mtu mwingine. Jana uliniomba nisimwambie matroni wa shule yako mpya ya bweni kwamba una kifafa. Nilikuwa nakunja sare zako. Nikasema, "Sawa." Nilisema upesi, kama ninavyosema "sawa" zangu nyingi, ili mazungumzo yaishe. Wewe ulifurahi ukaenda kuoga, mimi nikabaki na sketi mkononi. Tangu hapo sijatulia.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala namna ya kufunga sanduku, wala kuamka mapema. Hayo bibi yako ameshayasema, na kesho atayarudia mpaka dereva wa basi apige honi. Nataka ujue kwa nini "sawa" ile imenikaa vibaya. Mimi ni karani. Kitu ninachokijua kweli, nilichokijua kwa kuumia nacho, ni kompyuta na printa ya ofisi hii. Kwa hiyo univumilie, nitaanzia huko.

Nakuandikia hapahapa ofisini, Rusumo, wenzangu wametangulia kuondoka na jua bado liko juu ya kilima cha ng'ambo. Ningeweza kuichapa barua hii ikatoka nadhifu. Lakini kompyuta yetu huweka kumbukumbu ya kila kazi inayotumwa kwenye printa, jina la kazi na jina la aliyeituma, na sitaki Mzee Filbert akute barua ya Jeneroza katikati ya nyaraka za malori ya saruji. Unamjua mwajiri wangu. Angeniuliza kama wewe ni mzigo unaoingia au unaotoka.

Ulikuwa darasa la tatu nilipoajiriwa hapa. Uliona mama anakwenda kazini na viatu vya kufunika vidole, ukadhani mama ni mtu mkubwa. Hukujua jinsi nilivyokuwa naogopa. Siku ya usaili Mzee Filbert aliniuliza, "Linux unaijua?" Mfumo huo wa kompyuta chuoni tuliugusa muhula mmoja tu. Nikajibu, "Naijua, mzee." Kompyuta zake zote zilikuwa na Linux, aliwekewa na kijana mmoja aliyekuwa ameshahamia Mwanza, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nikakaa kwenye kiti kile nikiwa na diploma yangu, nikiomba kila asubuhi kisitokee kitu nisichokijua.

Kazi ya ofisi ya uwakala unaijua, umeiona tangu mdogo. Lori linafika mpakani, tunaandaa nyaraka zake, forodha wanaziangalia, tunachapa, zinagongwa muhuri, lori linapita. Katikati ya yote hayo ipo printa. Isipotoa karatasi, dereva anakaa. Na dereva aliyekaa anajua kuongea.

Nilijifunza haraka kwamba hapa mpakani kuna sentensi moja inayomwokoa karani yeyote: "Mtandao unasumbua." Ukiisema, mtu anaguna, anakwenda kunywa chai. Hakuna anayekasirikia mtandao, kwa sababu mtandao hauna mwenyewe. Niliisema mtandao ulipokuwa unasumbua kweli. Kisha nikaanza kuisema nilipokosea kujaza namba ya lori. Kisha nikaisema kwa kila kitu.

Ndipo akaja mama Kabula.

Sidhani kama unamkumbuka. Ni mama wa Kisukuma, mnene wa wastani, familia yao ilihamia Nyantakara kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Alikuwa na kikundi cha akina mama wanaofuga kuku, na asubuhi ile alikuwa ametoka ng'ambo, Rwanda, na vifaranga wa siku moja. Walikuwa nyuma ya pikapu, kwenye maboksi yenye matundu, wanalia wote kwa pamoja. Vibali vyote alikuwa navyo. Ilibaki karatasi moja ya kuruhusu mzigo, ichapwe kwetu, ipelekwe dirisha la forodha. Akaweka kitenge chake vizuri, akakaa kwenye benchi.

"Mayu," aliniambia, kwao ndivyo wanavyomwita mama, "nifanyie haraka. Hawa hawajui kusubiri."

Nikabonyeza kuchapa. Printa ikakaa kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Kidirisha kidogo kikajitokeza kwenye kona ya skrini, nikakifunga bila kukisoma, kwa sababu kilinitisha. Nikazima printa, nikaiwasha. Nikachomoa waya, nikauchomeka. Nikabonyeza tena, na tena. Kidirisha kikarudi, nikakifunga tena.

"Kuna nini?" mama Kabula akauliza.

"Mtandao unasumbua, mama. Subiri kidogo."

Akatoka kwenda kusema pikapu lisogezwe kivulini. Unajua bonde hili linavyoshika joto likikaribia saa sita, malori yamewashwa, lami inawaka. Kivuli chenyewe kilikuwa cha lori la mahindi, na lori likaondoka. Dereva wake wa pikapu, kijana mwembamba, akaja mlangoni. "Dada, hii kalatasi inatoka au haitoki? Wameanza kulala hawa."

"Mtandao," nikasema.

Mzee Filbert akapiga simu kutoka Ngara mjini. "Mzigo wa mama wa kuku umepita?"

"Bado, mzee. Printa ina shida kidogo."

"Imeandika nini?"

"Haijaandika kitu."

Ilikuwa imeandika, Jeneroza. Ilikuwa imeandika kila mara nilipobonyeza, na kila mara nilikuwa nafunga.

Mama Kabula akarudi na boksi moja kifuani. Akaliweka juu ya meza yangu, juu ya nyaraka zangu. Hakuwa amekasirika bado. Akaelekeza kidole kwa mlinzi wetu aliyekaa dirishani. "Mayu, huyu kijana anaangalia mpira kwenye simu yake tangu nimefika. Mpira hausimami hata kidogo. Mtandao gani huo unamchagua?"

Mlinzi akaficha simu haraka, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Wateja wengine wawili wakacheka. Ndani ya boksi vifaranga walikuwa wamefungua midomo. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Mama, mtandao upo. Ni printa. Sijui ina nini. Sijui."

Akaniangalia. "Ofisi hiyo ya jirani hawana printa?"

Wanayo. Ukuta mmoja tu unatutenganisha. Lakini ni washindani wetu, wanagombania wateja na Mzee Filbert kila siku, na mimi kwenda kwao kusema printa yetu imenishinda ilikuwa sawa na kuvua viatu vyangu vile na kutembea peku mbele ya malori. Mama Kabula hakunisubiri. Aligonga ukuta kwa kiganja, akaita, "Jamani, hodi huko!" Akaja Deo, karani wa kule, na mswaki wa mti mdomoni.

"Leta flashi," alisema Deo. "Kumbe ni hilo tu? Mbona hukusema tangu asubuhi? Nimekaa hapo natafuna mswaki."

Karatasi ikatoka kwake kabla hajamaliza kunitania. Ikagongwa muhuri. Pikapu likaruhusiwa kupita. Lakini kabla halijaondoka, mama Kabula alifungua maboksi yote, moja moja, na kutoa waliokufa. Aliwapanga kwenye saruji ya mlangoni kwetu. Hakuwahesabu, nami sikuwahesabu, ila walianzia kizingitini wakafika kwenye mtaro. Nilitoka na mimi nikachuchumaa kumsaidia. Bado walikuwa na joto.

Nilingoja anitukane. Ningepata nafuu. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Mimi nisingekupiga, mayu. Ungesema hujui, ningekwenda hapo jirani nikachapa. Basi."

Hilo ndilo alilosema, na akapanda gari.

Baadaye Deo alikuja kuiangalia printa. Hakuwa fundi, alikuwa tu ameshapatwa na shida hiyo kabla yangu. Akaniuliza maswali ambayo hadi leo ndiyo ninayojiuliza. Karatasi yako imefika wapi? Imetoka kwenye programu? Imeingia kwenye foleni ya kazi zinazongoja kuchapwa? Foleni inasemaje? Tukaandika amri fupi, lpstat, kompyuta ikatujibu kwa upole kabisa: printa imesimamishwa. Waya ulikuwa umelegea asubuhi, labda aliyefagia aliuvuta. Kompyuta ilipojaribu kutuma ikashindwa, ikaisimamisha printa na kuandika sababu. Mimi nilipourudisha waya nilikuwa nimeshatibu ugonjwa wenyewe bila kujua. Lakini kompyuta haikujua kwamba nimetibu. Ilikuwa inamngoja mtu aiambie endelea. Na mtu huyo alikuwa anafunga vidirisha.

Deo akaiambia endelea. Printa ikakohoa, ikaanza kutoa karatasi ya mama Kabula. Ikatoa nyingine ileile. Ikaendelea, nakala juu ya nakala, kila moja ni mara moja niliyobonyeza kwa hofu, zikamwagika sakafuni mpaka karatasi za trei zikaisha. Karatasi halali, safi, za mzigo uliokuwa umeshapita na wengine wamelala mlangoni. Deo aliacha utani siku hiyo. Aliziokota akanipa.

Nimekaa na printa miaka kadhaa tangu siku hiyo, na nimeziona tabia zake. Kuna siku kazi haionekani kwenye foleni kabisa, na ukichunguza unakuta kompyuta inaituma kwa printa ya zamani tuliyoitoa mezani, jina lake likabaki ndani kama ndiyo ya kwanza kutumika. Kuna siku inatapika karatasi zenye alama zisizosomeka, ukiizima na kuiwasha inaendelea palepale, kwa sababu kuzima printa hakufuti kazi. Lazima uifute kwenye foleni kwanza, ndipo utafute dereva sahihi, ile programu inayoifundisha kompyuta lugha ya printa. Siku moja nilimwambia Mzee Filbert kwa simu, "Tatizo ni dereva," madereva watatu waliokuwa kwenye benchi wakasimama kujitetea. Na ipo siku kila kitu kilikuwa kizima, waya, foleni, dereva, na bado hakuna kinachotoka. Nilihangaika mpaka mchana. Kumbe diski ilikuwa imejaa, hakuna mahali pa kuweka kazi hata kwa dakika moja. Nilijuaje? Nilifungua faili la makosa nikasoma mistari ya mwisho. Ilikuwa imeandikwa pale tangu asubuhi.

Huwa inaandika. Sijakutana na shida ya printa kwenye mashine hizi ambayo haikuacha maneno mahali fulani. Wakati mwingine ni maneno machache, yamejificha. Lakini ni lazima uvumilie kuyasoma, na kuyasoma ndiko kunakoogopesha, kwa sababu ukishasoma umeshajua, na ukishajua huwezi tena kusema mtandao.

Sasa nisikilize, maana nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Ulipoanguka darasa la tano, mwalimu wako wa darasa alinipigia simu. Nilikuwa kwenye kiti hikihiki. Nilikuwa nimeshajua, Jeneroza. Daktari alikuwa ameshaniambia, dawa zilikuwa kabatini. Mwalimu akauliza, "Mama, mtoto ana shida gani?" Nikamjibu, "Ni malaria, mwalimu. Homa ikipanda huwa anatetemeka." Jioni nikakufundisha na wewe useme hivyo. Tulikaa kitandani tukalifanyia mazoezi kama shairi la shule. Ulilishika vizuri mno. Nilijua mama Kabula alishanifundisha, na bado hofu ikaniambia kwamba vifaranga ni vifaranga na huyu ni mwanangu, kwamba wakijua watakutenga, kwamba nakulinda.

Ulipoanguka mara ya pili, walimu walijua wanachokijua: malaria. Mmoja alikimbilia maji ya kukumwagia. Mwingine alikumbuka aliyoyasikia kwao, akachukua kijiko akakusukumia kati ya meno. Jino lako la mbele lililokatika, ambalo unalifunika kwa mkono ukicheka, halikukatwa na ugonjwa. Lilikatwa na kijiko. Na kijiko kilikuja kwa sababu hakuna aliyewaambia kisiletwe. Yule mwalimu alilia kuliko mimi. Hakuwa na ubaya. Hakuwa na habari.

Sitaki kukulinganisha na mashine, wala ugonjwa wako na waya uliolegea. Nakulinganisha na mimi, na hilo ndilo linalonitisha. Jana uliponiomba, nilisikia sauti yangu mwenyewe.

"Mama, usimwambie matroni."

"Kwa nini?"

"Atawaambia wengine. Hawatakula na mimi. Hawatatumia ndoo yangu. Darasa la sita Editha alihamisha dawati."

"Na ukianguka?"

"Sijaanguka tangu mwaka jana. Nitameza dawa. Nikianguka nitasema malaria."

Ulilisema neno hilo kwa sauti niliyokufundisha, na kituo kilekile kabla yake.

Sikudanganyi kwamba hawatahama dawati. Pengine yupo atakayehama. Watu wetu wengi bado wanaamini povu la mgonjwa linaambukiza, na shule haiwezi kuliondoa hilo kwa wiki moja. Sina neno la kulifanya lisiume. Ninalolijua ni dogo kuliko hapo. Bweni lina vitanda vya ghorofa, na asiyejua atakupangia cha juu. Zamu ya jikoni ina moto, na asiyejua atakuweka peke yako kwenye sufuria la maharage. Kuna kuteka maji, na asiyejua atakutuma peke yako. Na yatatokea mabinti kumi na tano wenye huruma, wenye miaka kama yako, wamekuzunguka usiku na kila mmoja anatafuta kijiko.

Kwa hiyo ile "sawa" naiondoa. Nakwambia leo, mapema, ili usiseme nilikugeuka mlangoni. Unaweza kunikasirikia njia nzima, kutoka hapa mpaka Benako, mpaka Lusahunga. Kaa dirishani, usiniangalie, mimi nitabeba mfuko wa mkate na kunyamaza. Nimezoea kunyamaza, nitaweza.

Nimekuwa nikiyasema maneno haya peke yangu tangu asubuhi, mlinzi ameniuliza mara mbili naongea na nani. Sikiliza kama yapo sawa, na kama kuna la kurekebisha niambie, wewe ndiye mwenye mwili. "Matroni, binti yangu ana kifafa. Anameza dawa asubuhi na jioni, dawa hizi hapa. Akianguka, mlazeni ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, msimshike kwa nguvu, msimtie chochote mdomoni. Angalieni saa. Ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Akizinduka, atakuwa amechoka na ataona aibu. Mwacheni alale, na awepo mtu karibu naye." Ni hayo tu. Nikiyasema polepole hayafiki urefu wa sala ya Baba Yetu.

Ningependa uyaseme wewe. Ni yako, na utayahitaji mahali ambapo mimi sitakuwepo: kwa mwalimu mpya, kwa rafiki wa kitanda cha jirani, siku moja kwa mtu atakayetaka kukuoa. Lakini una miaka kumi na tatu, na mimi nilishindwa kusema "sijui" nikiwa na diploma. Sitakulazimisha.

Kesho tutafika mlango wa matroni tukiwa na vumbi. Utamwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, atanyoosha mkono kuchukua karatasi zako. Hapo nitakungoja kwanza. Ukifungua mdomo, sitakukatiza hata ukikosea. Usipoufungua, nitasema mimi, na nitakaa pale mpaka aulize maswali yake yote.

Mama yako